Kura Isiyo na Mashahidi: Wachezaji wa Bahati Nasibu za Marekani na Kususia kwao Kompyuta

Katika Kiswahili neno kura lina kazi mbili ambazo Kifaransa kimezipa maneno mbalimbali. Ndugu wakigawana mashamba ya marehemu baba yao hupiga kura. Raia wakimchagua mbunge wao hupiga kura vilevile. Neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ndiyo hiyo ya kuchagua kwa bahati: vijiti, kokoto au vipande vya karatasi huchanganywa, kisha mmoja huchota wengine wakitazama. Hilo la mwisho, la wengine kutazama, ndilo linalosahauliwa upesi. Kura ya urithi haikubaliwi kwa sababu imempa kila mtu sawa na mwenzake, maana mmoja hupata shamba la bondeni na mwingine la mawe. Hukubaliwa kwa sababu wote walikaa duara wakaona mkono ukiingia mtupu na kutoka na kijiti.

Bahati nasibu ya serikali ni kura ya aina hiyo iliyopanuliwa mpaka watazamaji wake wakawa mamilioni. Historia yake ya karibuni katika majimbo ya Marekani yaonyesha lililotokea pale waendeshaji walipowaondoa watazamaji hao na kuweka kompyuta mahali pa mipira, na baadhi ya wachezaji wakajibu kwa kuacha kununua tiketi. Ni rahisi kuwachukua watu hao kuwa washirikina, au watu wasioelewa hesabu. Mambo yaliyotokea kati ya mwaka 1980 na mwaka 2017 hayaungi mkono hukumu hiyo.

Kwanza hapana budi kurudi nyuma kidogo, kwa sababu mchezaji wa Marekani hakufundishwa na serikali namna ya kuikagua kura. Alijifunza mtaani. Katika miaka ya 1920 watu weusi wa Harlem, mjini New York, walicheza mchezo wa namba uliokatazwa na sheria. Mtu aliweka senti chache juu ya namba ya tarakimu tatu, na ikitoka alilipwa, kwa kawaida, mara 600 ya alichoweka. Swali lilikuwa moja: namba ya siku itoke wapi, ili mwenye mchezo asiweze kuichagua mwenyewe? Jibu lililopatikana lilikuwa la busara kubwa. Namba ilichukuliwa kutoka katika hesabu za ofisi ambamo mabenki ya New York yalilinganisha hundi zao kila siku, hesabu zilizochapishwa magazetini. Hakuna mwenye mchezo wa Harlem aliyeweza kuwaamuru wenye mabenki. Mfuaji nguo aliyeweka senti 5 aliweza kununua gazeti jioni na kujihakikishia mwenyewe kama ameshinda au ameshindwa, bila kumwomba mtu yeyote amwamini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mabenki yaliacha kuchapisha hesabu hizo kwa ukamilifu, na namba ikaanza kuchukuliwa kutoka katika jumla za fedha zilizowekwa kwenye mashindano ya farasi. Hapo ndipo ufa ulipoingia. Jambazi Dutch Schultz, aliyeunyakua mchezo wa Harlem kwa bunduki, alikuwa na mtu hodari wa hesabu aliyeitwa Otto Berman. Berman alijua namba zilizowekewa fedha nyingi siku ile. Basi kabla ya mashindano ya mwisho alihesabu kiasi gani kiwekwe juu ya farasi ili jumla ibadilike na namba hizo zisitoke. Mambo yote yalifanyika uwanjani, mbele za watu, na tarakimu zilichapishwa kama kawaida. Kumbe kuonekana peke yake hakutoshi. Hata hivyo somo lilibaki katika kumbukumbu ya mitaa: namba njema ni ile isiyo na bwana.

Serikali ziliingia baadaye. New Hampshire lilianzisha bahati nasibu yake mwaka 1964, New York mwaka 1967. Katika miaka ya 1970 New Jersey na majimbo mengine yakaanzisha namba ya kila siku yenye tarakimu tatu, yaani mchezo uleule wa Harlem, sasa ukiwa halali, na malipo yakiwa kwa kawaida dola 500 kwa dola 1, pungufu ya yale ya mtaani. Kilichowavuta watu kukubali malipo madogo zaidi, pamoja na usalama wa kutokamatwa na polisi, ni kwamba kura ilipigwa katika televisheni. Mashine ya kioo ilipuliza mipira myepesi, mipira ikarukaruka, mmoja ukapanda katika bomba, na nchi nzima ikausoma. Serikali ilikuwa imewarudishia watu duara lao la kuketi.

Tarehe 24 Aprili 1980 duara hilo lilidanganywa. Katika kituo cha televisheni cha Pittsburgh, ambako kura ya jimbo la Pennsylvania ilipigwa, mtangazaji wa mchezo, Nick Perry, alishirikiana na wenzake wachache, miongoni mwao mfanyakazi wa studio na afisa mmoja wa bahati nasibu. Mipira yote isipokuwa ile ya 4 na ya 6 ilidungwa rangi kidogo kwa sindano ili iwe mizito. Yakabaki matokeo 8 tu yanayowezekana kati ya 1,000, na ndugu wawili waliokuwa katika njama walizunguka jimboni wakinunua tiketi za namba hizo 8. Namba iliyotoka ilikuwa 666. Malipo ya usiku ule yalifika dola milioni 3.5, kiasi ambacho jimbo halikuwahi kulipa kabla, na zaidi ya milioni 1 zilikuwa za wala njama.

Ni nani waliouona wizi huo? Si wakaguzi. Tetesi zilianzia mitaani, hasa kwa waendeshaji wa mchezo haramu, ambao walitumia namba ya serikali katika biashara yao wenyewe na wakaona kwamba fedha nyingi mno zilikuwa zimewekwa juu ya namba chache. Wauza tiketi nao waliwakumbuka wageni walionunua kwa wingi namba zilezile. Mwaka 1981 Perry alihukumiwa kifungo. Kura ikahamishiwa Harrisburg, makao makuu ya jimbo, na ulinzi wa mipira ukaimarishwa: kupimwa uzito, kufungiwa, kuchaguliwa kwa nasibu ni seti ipi itumike, na kujaribiwa mara kadhaa kabla ya droo yenyewe mbele ya mkaguzi.

Ulinzi wa namna hiyo una gharama. Wahitajika studio, mafundi, wakaguzi, na muda. Na serikali zilizotaka droo mara mbili kwa siku, au hata kila baada ya dakika chache, hazikuweza kuzipata kwa mipira. Kompyuta ilileta jibu. Kwa hiyo, hasa katika miaka ya 2000, majimbo kadhaa yalianza kuachana na mipira katika michezo yao midogo ya kila siku. Mahali pa mashine ya kioo palikuja kisanduku ndani ya chumba kilichofungwa, na katika televisheni ikaonyeshwa picha iliyochorwa ya namba zilizokwisha kutoka. Hata ilipochorwa mipira ikirukaruka, mipira hiyo haikuwa inachagua kitu.

Yafaa kueleza kidogo namna kompyuta inavyopiga kura, kwa kuwa malalamiko ya wachezaji yanashikana na jambo hili. Kompyuta haina bahati, hufanya inaloamriwa. Programu huanza na namba moja iitwayo mbegu, huizidisha, huijumlisha na namba nyingine, huigawanya na kuchukua baki, kisha hurudia tena na tena. Namba zitokazo huonekana hazina mpango wowote, na kwa kazi nyingi za kisayansi zatosha kabisa. Lakini anayeijua mbegu na kanuni aweza kuzitaja zote kabla hazijatoka. Ndiyo sababu mashine bora hupata mbegu zake kutoka nje ya hesabu, kwa mfano kwa kifaa cha Geiger kinachopima mnururisho wa asili. Basi mchezaji aliyesema kwamba kompyuta yaweza kuamriwa alisema kweli tupu, hata kama hakujua neno moja la ufundi huo.

Jimbo la Tennessee lilianza bahati nasibu yake mwezi Januari 2004, mapato yakielekezwa hasa katika misaada ya masomo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Tarehe 28 Julai 2007 liliacha mipira likaingia katika kompyuta. Siku zilipita, kisha wiki, na wachezaji wa michezo ya Cash 3 na Cash 4 wakaona ajabu: hakuna namba iliyotoka ikiwa na tarakimu iliyojirudia. Si 227, si 5505, wala si 777 inayopendwa na wengi. Hesabu yake ni nyepesi, na kila mwanafunzi aweza kuifanya. Katika namba 1,000 za tarakimu tatu, 280 zina tarakimu iliyojirudia. Katika namba 10,000 za tarakimu nne, ziko 4,960, karibu nusu. Kupiga kura 10 za Cash 4 bila kupata hata moja yenye marudio hutokea takribani mara 1 katika 1,000. Ilipofika Agosti waendeshaji walikiri kwamba programu ilikuwa imewekewa agizo lisilo sahihi, linalokataza tarakimu kurudiwa. Kwa zaidi ya wiki tatu waliochagua namba za namna hiyo walikuwa wamelipia kitu kisichokuwapo.

Hapakuwa na mwizi katika jambo la Tennessee. Hata hivyo lilizidi kuwatia watu hasira kuliko ambavyo wizi ungewatia, na sababu yaeleweka. Kama mipira ingetumika, kosa la aina hiyo lisingewezekana, maana kila tarakimu ilikuwa na mashine yake mwenyewe, na mpira wa 5 katika mashine ya kwanza haukuwa na habari ya mpira wa 5 katika mashine ya pili. Isitoshe, mitambo mipya ilikuwa imekaguliwa kabla ya kutumika. Waliolitambua kosa ni wanunuzi wa tiketi waliokuwa wakiandika namba za kila siku katika madaftari yao, kwa desturi ileile iliyoanzia Harlem. Wakadai mipira irudishwe. Wako waliotangaza kwamba hawatanunua tena tiketi mpaka watakapoiona kura kwa macho yao.

Lugha yetu yasaidia hapa kutofautisha mambo. Wafanyakazi wa machimbo wakiacha kazi, huo ni mgomo: wana chama, wana viongozi, wana madai yaliyoandikwa, na mwajiri hupata hasara kila saa ipitayo. Mtoto aliyeudhika akisukuma sahani ya ugali, huyo amesusa. Anakataa kilicho chake ili wakubwa wajue kwamba ameumia. Walichofanya wachezaji wa bahati nasibu kilikuwa kususa. Hawakuwa na chama. Walitawanyika vijijini na mijini, hawakujuana, na wengi wao walikuwa watu wa kipato cha chini. Serikali ya jimbo ndiyo iliyokuwa muuzaji pekee halali. Aliyesusia tiketi za jimbo lake alibaki na njia tatu, kuvuka mpaka akanunue katika jimbo jirani, kurudi katika mchezo haramu, au kuacha kabisa. Juu ya hayo, waendeshaji waliweza daima kusema kwamba mwenye kususia anawanyima wanafunzi ada zao, au wazee dawa zao. Haishangazi basi kwamba kususia huko hakukuzirudisha serikali nyuma. Kulikuwa na hoja, hakukuwa na nguvu.

Hoja yenyewe ilithibitishwa baadaye, tena na mtu wa ndani. Majimbo kadhaa yalikuwa yameunda umoja wa kuendesha michezo ya pamoja, wenye makao yake katika jimbo la Iowa. Mwaka 2003 umoja huo ulimwajiri Eddie Tipton, ambaye alipanda akawa mkuu wa usalama wa habari. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kupiga kura iliyotumiwa katika majimbo mbalimbali. Ndani yake alificha mistari michache. Kila droo ilipofanyika, mistari hiyo iliuliza tarehe. Ikiwa ni 27 Mei, 23 Novemba au 29 Desemba, ikiwa ni Jumatano au Jumamosi, na ikiwa saa mbili za usiku zimekwisha pita, programu iliacha mbegu ya kweli ikatumia njia ambayo Tipton aliijua, na mamilioni ya matokeo yakapungua yakawa mamia machache tu. Siku nyingine zote za mwaka mashine ilipiga kura kwa uaminifu. Mkaguzi aliyeijaribu siku ya kawaida angeandika, bila kusema uongo, kwamba ni njema.

Kwa njia hiyo zilishindwa droo za Colorado tarehe 23 Novemba 2005, Wisconsin tarehe 29 Desemba 2007, Iowa na Kansas tarehe 29 Desemba 2010, na Oklahoma tarehe 23 Novemba 2011, ndugu na marafiki wakichukua fedha. Ile ya Iowa, ya mchezo wa Hot Lotto, ilikuwa na thamani ya dola milioni 16.5, na ndiyo iliyomwangusha. Tiketi ilinunuliwa katika duka la kituo cha mafuta mjini Des Moines na mtu aliyejifunika kofia ya koti. Haikudaiwa mpaka saa chache kabla ya mwaka kwisha, tena na wakili kwa niaba ya kampuni ya Belize, nchi ya mbali isiyohusika. Jimbo lilitaka jina la mnunuzi. Mwezi Januari 2012 dai likaondolewa, fedha zikaachwa. Mtu anayeacha mamilioni kuliko kutaja jina lake huwa ameshatoa ushahidi. Mwaka 2014 picha za kamera ya duka zilionyeshwa hadharani, na waliomfahamu Tipton wakamtambua kwa umbo na sauti. Alikamatwa Januari 2015.

Programu yenyewe ilichelewa kupatikana, kwa kuwa mashine za zamani zilikuwa zimeondolewa kazini. Ile ya Wisconsin ilikuwa bado ipo. Wachunguzi walipoirudisha saa yake mpaka tarehe 29 Desemba 2007 na kuiendesha, ilitoa namba zilezile zilizoshinda usiku ule. Mwaka 2017 Tipton alikiri, akahukumiwa kifungo kisichozidi miaka 25. Aliachiliwa kwa masharti mwaka 2022.

Tukio la 1980 na hili yakiwekwa pamoja, tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosemwa mara nyingi. Watetezi wa kompyuta hupenda kukumbusha kwamba mipira nayo iliwahi kuibiwa, na ni kweli. Lakini wizi wa mipira ulihitaji watu wengi, rangi, sindano, funguo za chumba. Ulitokea mara moja, ukavumishwa mara ile, na ndani ya mwaka mmoja wenye nao walikuwa mahakamani. Wizi wa programu ulihitaji mtu mmoja na mistari michache; ulidumu katika majimbo matano, na zaidi ya miaka 9 ilipita kati ya droo ya kwanza na kukamatwa kwa mwenye nao. Tena aliyemnasa si mkaguzi wa programu. Ni jicho la kamera ya duka, yaani shahidi wa mtindo wa zamani.

Kwa msomaji wa Kongo habari hizi si za kigeni kabisa. Mwaka 1934 Ubelgiji ilianzisha bahati nasibu ya koloni, Loterie Coloniale, ili kusaidia hazina ya Kongo iliyokuwa imebanwa na mdororo wa uchumi wa dunia. Wananchi ambao kwa jina lao tiketi ziliuzwa hawakuwa na sauti wala katika kura ile wala katika matumizi ya faida yake. Baada ya uhuru ilibadilishwa ikawa bahati nasibu ya taifa la Ubelgiji. Na kwa maana ya pili ya neno kura, mjadala uleule ulifika hapa nchini mwaka 2018, Tume ya Uchaguzi ilipoleta mashine za kuchapa karatasi za kura kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba. Wapinzani walizikataa, na mtaani jina rasmi la Kifaransa, machine à voter, likabadilishwa herufi moja likawa machine à voler, yaani mashine ya kuiba. Tume ilieleza kwamba hesabu ingefanywa kwa karatasi. Waliolalamika hawakuwa na ushahidi wa mstari wowote uliofichwa, na mashine ya kuchapa karatasi mbele ya mpigakura si sawa na kisanduku kilichofungiwa chumbani. Lakini walichokuwa wakiomba ni kilekile kilichoombwa Tennessee, kuona mkono ukiingia mtupu.

Nchini Marekani jambo lilimalizika kwa namna isiyo sawa kwa wote. Wachezaji waliokuwa wamenunua tiketi za droo zilizochezewa walifungua kesi, na umoja wa majimbo ukakubali kulipa fidia. Mchezo wa Hot Lotto ulifungwa mwezi Oktoba 2017. Kompyuta zimeendelea kupiga kura katika michezo ya kila siku ya majimbo mengi, michezo ya dola 1 inayochezwa zaidi na watu wa kipato kidogo. Powerball na Mega Millions, ambazo zawadi zake hufika mamia ya mamilioni na hutazamwa na nchi nzima, hazikuacha mipira.